Siku Kumi za Kumtazama Simba

Jumamosi moja asubuhi mnyororo wa Simba ulikatika. Geti lilikuwa wazi, na kabla mtu yeyote hajasema kitu, alikuwa ameshamuuma mtoto wa jirani mguuni. Jeraha halikuwa kubwa: alama mbili za meno na damu kidogo. Lakini mtoto ana miaka saba, na Simba hakuwa amewahi kuchanjwa hata siku moja.

Mama aliuosha ule mguu kwa sabuni chini ya mfereji, dakika kumi na tano nzima, kisha mtoto akapelekwa hospitalini na kuanzishiwa sindano. Jioni majirani walikuja kukaa na Baba. Neno lao lilikuwa moja: hiyo mbwa iuawe. Baba hakubisha. Aliyebisha ni daktari wa mifugo aliyepigiwa simu kuja kumaliza kazi.

"Msimuue," alisema. "Mfungieni mahali salama, mumpe chakula na maji, halafu mumtazame siku kumi."

Alitueleza sababu. Mbwa mwenye virusi vya kichaa kwenye mate wakati anapouma huonyesha dalili au hufa kabla ya siku kumi kuisha. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku ile hakuwa na ugonjwa wa kumwambukiza mtu. Mtoto asisubiri, aendelee na sindano zake. Lakini sisi tungejua ukweli, na ukweli huo ungemsaidia kila mtu.

"Na kutazama si kumpitia tu ukienda chooni," akaongeza. "Anakula? Anakunywa? Mate yanamtoka? Anatembeaje? Bado anakutambua?"

Kazi nikapewa mimi, kwa sababu ndiye sina kazi.

Sasa, kuna jambo lazima nilikiri. Wakati huo nilikuwa na miezi mitatu ya kile tunachoita umakinifu. Kila asubuhi nilikaa kitandani chumbani mwangu Rongai, hedifoni masikioni, programu ya simu ikiniambia nivute pumzi na niwe hapa, sasa hivi. Na kila asubuhi Simba alinikatiza. Alibweka. Aliburuta mnyororo kwenye saruji. Nilikuwa nikiongeza sauti ya simu ili niweze kuwa "hapa" bila kumsikia aliyekuwa hapa kweli, hatua nane kutoka dirishani.

Simba ameishi nasi miaka sita. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, kama mbwa wengi wa Nairobi na viunga vyake. Siku ya kwanza ya zile kumi niligundua kwamba sikujua jicho lake lipi lina doa.

Basi kila jioni, nikishamtazama na kuandika kwenye daftari, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya kibanda chake na kusoma kwenye simu. Nilitaka kujua hicho nilichokuwa nikikifanya kitandani kimetoka wapi, na kama wenye nacho wamewahi kufikiria habari za mbwa. Kumbe wamefikiria, tena kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Nianze na neno lenyewe. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabudha, neno ni *sati*. Mzizi wake unahusu kukumbuka. Mwaka 1881 Mwingereza T. W. Rhys Davids, ambaye zamani alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni kule Ceylon, Sri Lanka ya leo, alichapisha tafsiri ya maandiko hayo na kulipa *sati* neno la Kiingereza ambalo sasa liko kwenye kila simu. Halafu 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki ya kupunguza msongo wa mawazo katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani. Alichukua mazoezi ya Wabudha, akaiweka dini kando, akawapa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha kozi ya wiki nane. Kutoka hapo ndipo zikaja hizi programu zetu.

Sina neno baya kwa hiyo safari. Imewasaidia wengi. Lakini njiani kitu kimoja kilipungua. *Sati* haikuwa tu kutulia. Ilikuwa kukumbuka: kumbuka unachofanya, na kumbuka linalofaa na lisilofaa. Maandiko yanamtaka mtawa ajue anatembea anapotembea, ajue amelala anapolala. Hayamwambii akazibe masikio.

Na mbwa? Mbwa anaingia mapema sana. Kuna sutta moja, ya 57 katika mkusanyiko wa hotuba za urefu wa kati, inayosimulia wanaume wawili waliomwendea Budha katika nchi ya Wakoliya. Mmoja, Punna, alikuwa ameweka nadhiri ya kuishi kama ng'ombe. Wa pili, Seniya, aliishi kama mbwa. Si utani. Alitembea uchi, alikula chakula kilichotupwa chini, na alipofika mbele ya Budha alijikunja kando kama mbwa anavyojikunja. Zama zile India ilijaa watu waliotafuta ukombozi kwa kuutesa mwili, na hii ilikuwa njia mojawapo.

Punna akauliza: huyu mwenzangu, baada ya jitihada zote hizi, atazaliwa upya kama nani? Budha alikataa kujibu mara mbili. Mara ya tatu akajibu: mtu akiukamilisha umbwa, atazaliwa miongoni mwa mbwa. Na akiamini kwamba umbwa huo utamfanya mungu, hali yake itakuwa mbaya zaidi.

Seniya akalia. Alisema halii kwa sababu ya maneno ya Budha, analia kwa sababu amepoteza muda mrefu. Budha hakumfukuza. Alimfundisha jinsi matendo yanavyozaa matokeo, na Seniya akaomba kuwa mtawa. Wageni wa madhehebu mengine walitakiwa wasubiri miezi minne ya majaribio. Seniya alisema yuko tayari kusubiri miaka minne. Maandiko yanasema mwishowe alifika kilele cha njia ile.

Niliisoma mara mbili hadithi hiyo, kwa sababu leo tunaambiwa kila mahali kwamba mbwa ni mwalimu wa utulivu. Angalia mbwa wako, wanasema, yeye haishi jana wala kesho. Kuwa kama yeye. Seniya alijaribu kuwa kama yeye, tena kwa bidii kuliko sisi sote. Jibu alilopewa ni kwamba kumwiga mbwa hakuokoi mtu. Na kusema kweli, Simba niliyekuwa nikimtazama hakuwa mwalimu wa utulivu. Siku ya pili alizunguka kibanda hadi usiku. Hakuwa "akiishi sasa hivi" kwa amani. Alikuwa na hofu.

Kila jioni Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma, na kuuliza swali moja.

"Imekula?"

"Imekula."

Halafu anarudi ndani kuangalia taarifa ya habari.

Siku ya nne nilifika China. Wakati wa nasaba ya Tang aliishi mwalimu wa Chan, tawi ambalo Japani linaitwa Zen, kwa jina Zhaozhou. Mapokeo yanasema alizaliwa 778 na kufa 897, yaani aliishi karibu miaka 120. Siku moja mtawa alimuuliza: mbwa ana asili ya Budha, au hana?

Ili uuone uzito wa swali hilo, kumbuka kwamba Wabudha wa upande ule walikuwa tayari wanafundishwa kuwa kila kiumbe kina asili hiyo, yaani uwezo wa kuamka. Kwa hiyo jibu la darasani lilikuwa "ndiyo". Mtawa alilijua. Lakini Zhaozhou alijibu: *wu*. Hana. Mwaka 1228 mtawa mwingine, Wumen Huikai, alikusanya mafumbo 48 ya walimu wa zamani na kuliweka hili kuwa la kwanza kabisa. Wumen mwenyewe alikuwa ameshindana nalo miaka sita. Hadi leo wanafunzi wengi wa Zen huanza nalo: wanapewa hiyo "hana" wakae nayo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kuna kumbukumbu nyingine ambamo mtawa wa pili alimuuliza Zhaozhou swali lilelile kuhusu mbwa, na akajibu: anayo.

Wataalamu wamejadili mafumbo haya karne nyingi na mimi si mmoja wao. Lakini nikiwa pale kwenye ndoo, lilinigusa kwa njia yangu. Yule mtawa alikuwa akiuliza juu ya mbwa kama anavyouliza juu ya kanuni. Ana? Hana? Niandike wapi, safu ipi? Bila shaka mbwa mwenyewe alikuwa nje mahali fulani, na hakuna anayetuambia kama alikuwa amekula.

Sisi wenyewe swali hilo tunalo, tena kwenye sarufi. Shuleni tulifundishwa kwamba mbwa yumo katika ngeli ya A-WA, pamoja na mtoto, mwalimu na rais. Mbwa amelala. Mbwa wamelala. Ukiandika vingine kwenye mtihani unakosa alama. Lakini tukitoka nje ya geti la shule tunasema "hii mbwa imelala", kama vile tunaongea juu ya gari. Sarufi inajibu "anayo", mtaa unajibu "haina". Niliangalia daftari langu la siku nne. Nilikuwa nimeandika: *imekunywa maji, imekula nusu, haitoi mate*.

Siku ya sita majirani walirudi. Safari hii waliongea kwa ukali. Mama wa yule mtoto hakuwa analala, na nilimwelewa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mtu akiniambia nimhurumie mbwa mbele ya mama huyo, huruma hiyo imejaa uvivu.

Jioni hiyo nilisoma habari za Tokugawa Tsunayoshi, shogun wa tano wa ukoo wake, aliyetawala Japani kuanzia 1680 hadi 1709. Alizaliwa 1646, mwaka wa mbwa kwa kalenda yao. Kwa kuchanganya mafundisho ya Kibudha na ya Confucius, kuanzia miaka ya 1680 alitoa mfululizo wa amri za kuhurumia viumbe hai. Ilikuwa marufuku kumuua mbwa. Walioasi walifungwa, walihamishwa mbali, wengine waliuawa. Mbwa wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, walipozidi, alijenga mabanda makubwa nje ya mji, pale Nakano, mwaka 1695. Makumi ya maelfu ya mbwa walilishwa wali na samaki wakavu. Wananchi walilipishwa kodi kugharamia chakula hicho. Walimbandika jina: Shogun wa Mbwa.

Alipokufa 1709, mpwa wake na mrithi wake Ienobu alizifuta sehemu kubwa ya amri zile muda mfupi tu baadaye. Watu walifurahi.

Kwa muda mrefu alihesabiwa kichaa. Wanahistoria wa karibuni wamekuwa wapole kwake kidogo. Wanakumbusha kwamba amri zilezile ziliagiza watoto waliotupwa watunzwe, na wasafiri wagonjwa wasifukuzwe nyumba za wageni. Wanakumbusha pia kwamba walioandika ubaya wake wengi walitoka tabaka la samurai, watu waliozoea kuua bila kuulizwa. Hayo ni kweli. Lakini nikamfikiria mkulima wa Japani aliyekuwa akikatwa kodi ili mbwa wa mjini ale wali. Huruma iliyoshushwa na serikali, na bili ikatumwa kwa maskini, haikudumu hata mwaka mmoja baada ya mwenyewe kuzikwa.

Nilimsimulia Baba habari hizo tukinywa chai. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wali na samaki! Na mimi hapa nalipa umeme."

Halafu akanyamaza. "Lakini hata kuua si jibu," alisema. "Nikiua hii, wiki ijayo naleta ingine. Nitaifunga palepale."

Siku ya nane nilikutana na Asanga, mwanafalsafa wa Kibudha aliyeishi yapata karne ya 4 kaskazini magharibi mwa India ya kale. Watibeti ndio waliohifadhi hadithi yake. Wanasema aliingia pangoni kutafakari ili amwone Maitreya, Budha atakayekuja. Alikaa miaka kumi na miwili. Mara kadhaa alikata tamaa, akatoka, kisha akarudi. Hakuona kitu. Mwishowe akaondoka kabisa.

Njiani alimkuta mbwa. Sehemu ya nyuma ya mwili wake ilikuwa imeoza, funza wamejaa kwenye kidonda, na bado alikuwa akijaribu kumng'ata kila aliyemkaribia. Asanga alitaka kumsafisha. Lakini angewaondoa funza kwa vidole, angewaponda. Angewaondoa bila chakula, wangekufa. Akakata nyama ya paja lake mwenyewe awawekee, akafumba macho, akainama ili awaondoe kwa ulimi. Ulimi ukagusa ardhi. Alipofumbua macho mbwa hakuwepo. Mbele yake alisimama Maitreya.

Asanga akalalamika: miaka kumi na miwili, ulikuwa wapi? Maitreya akamjibu kwamba alikuwa naye muda wote, ila macho yake hayakuweza kumwona. Kama huamini, nibebe begani unipitishe sokoni. Asanga akambeba. Watu wa sokoni hawakuona chochote begani pake. Bikizee mmoja tu ndiye aliyeona kitu: aliona mbwa.

Najua hii ni hadithi ya kidini, si taarifa ya polisi. Lakini inasema wazi kitu ambacho miezi yangu mitatu ya hedifoni haikunifundisha. Haisemi pango lilikuwa bure. Pengine bila miaka ile Asanga angempita yule mbwa. Inasema pango peke yake halikutosha. Utulivu ulikuwa maandalizi. Mtihani ulikuwa barabarani, unanuka, na unang'ata.

Na kama hadithi inaonekana ya mbali, tazama kazi ya karibuni. Bhutan ni nchi ndogo ya Kibudha kwenye milima ya Himalaya, na kwa miaka mingi ilijaa mbwa wasio na mwenyewe. Watu waliwalisha, lakini mbwa walizaliana, walibweka usiku kucha, waliuma watu. Kuwaua kuligongana na imani. Mwaka 2009 serikali na shirika la kimataifa la kutetea wanyama zilianza kuwakamata mbwa, kuwafanyia upasuaji wa kuzuia uzazi, kuwachanja, kuwawekea alama sikioni na kuwarudisha mtaani kwao. Mbwa mmoja mmoja, zaidi ya 150,000. Oktoba 2023 Bhutan ilitangaza kwamba imewamaliza mbwa wake wote wa mitaani kwa upasuaji huo. Ilichukua miaka kumi na minne, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa nyavu, sindano na kujaza fomu.

Kenya nasi tuna mpango. Mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Msingi wake ni chanjo: ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, tena mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unakosa njia. Kwa miaka sita Simba alikuwa katika ile sehemu iliyobaki, si kwa sababu chanjo haikuwepo, bali kwa sababu hakuna aliyemkumbuka. *Sati*, kukumbuka. Nilikuwa nikitafuta utulivu wakati mtoto wa jirani yuko hatarini kwa sababu ya kitu nilichokuwa nimesahau kukifanya.

Siku ya kumi Simba alikula chakula chote. Alitembea sawa. Doa liko jicho la kushoto. Akiitwa, sikio la kulia ndilo linaloinuka kwanza. Niliyaandika hayo pia, ingawa daktari hakuyauliza.

Asubuhi iliyofuata daktari alikuja, akamkagua na kumchanja. Mimi nilivuka kwa jirani nikiwa na cheti mkononi. Mama wa mtoto alikisoma polepole, neno kwa neno, kisha akaketi chini palepale mlangoni. Hakutusamehe siku hiyo, na sikuona ni haki yangu kumwomba. Aliniuliza kama mbwa atafungwa tena. Nikamwambia tunajenga uzio wa waya upande wa nyuma, na geti limewekwa komeo. Alisema atakuja kuona mwenyewe. Wiki hiyohiyo alikuja, akauvuta waya kwa mkono kila nguzo.

Siku hizi bado nakaa asubuhi, dakika ishirini, lakini kwenye ndoo na bila hedifoni. Simba anabweka akitaka. Wiki ya kwanza ndani ya uzio aliendelea kuzunguka duara dogo, kipimo cha ule mnyororo wa zamani, kama vile bado uko shingoni. Wiki ya pili duara lilipanuka.

Jana jioni Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama kawaida.

"Amekula?"

"Amekula, Baba."

Akarudi ndani kuangalia taarifa ya habari.